Mausi ya Mashindano

Kabla ya mashindano ya michezo ya kompyuta pale Bondeni, nilienda dukani kwa Unnati kuchagua mausi. Nilizijaribu zote kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa umeshika soda.

"Hii ni nyepesi mno kwa mchezaji kama mimi," nilimwambia, kisha nikachukua ile nene iliyopinda, yenye taa nyekundu.

Siku ya mchezo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi hutumia mkono wa kushoto. Mausi ile ilikuwa imepindwa kufuata kiganja cha kulia, na vidole vyangu vilikosa pa kukaa. Nilifyatulia ukuta wa kwenye skrini risasi zote hadi Chepchumba, mpinzani wangu, akaniua.

"Boss, uko sawa?" aliniuliza kwa upole.

"Bado napasha misuli," nilimjibu, na mchezo ulikuwa umeshaisha.