Shiromani ya Kuazima

Dada yangu Bahiat alikataa chai. Mwenye nyumba, Mroudjae, alikwisha kuimimina, ikabaki juu ya kigoda katikati yetu, na nje, mtaa mzima wa Magoudjou ulikuwa ukiuziana mihogo na mafuta ya taa kwa makelele. Tulitoka kisiwani kwetu Nzwani asubuhi ile kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Ouani, tukashuka Moroni, mji mkuu, ambamo hatukuwa na ndugu wala jamaa, kumtafuta mtu mmoja tu. Kwa sauti ile niliyoizoea redioni nilitarajia kukuta jitu lenye kifua. Kumbe alikuwa kijana mwembamba mwenye kikohozi, na serikali iliyompa kazi ilikuwa imepinduliwa majuma machache nyuma.

"Nilisoma nilichopewa, bweni," alisema, akimwita kwa neno letu la heshima kwa mwanamke. "Habari zilitoka kwenye kamati za visiwani, mimi nikazisoma. Kama nilikukosea, nakuomba radhi. Hapa hapa, mbele ya mdogo wako."

Bahiat alikisukuma kikombe kando. "Mimi sikutukanwa barazani kwako," akamwambia. "Nitake radhi pale uliponitukania."

Pale alipomtukania palikuwa redioni, na Mroudjae mwenyewe hakuruhusiwa tena kuingia humo.

Nianze basi na siku ya tusi lenyewe. Uhuru wa Komoro ulikuwa bado mbichi, na serikali ya Ali Soilih ilikuwa imewapa vijana wa kamati nguvu ambazo hata baba zao hawakuwahi kuwa nazo. Walifuta harusi kubwa, walimwambia kadhi akae nyumbani kwake, walichoma makaratasi ya serikali hadharani. Na jioni redio ilikuwa na kipindi ambacho sisi watu wa Mutsamudu, mji wetu wa Nzwani, tulikiita Funua, maana kazi yake ilikuwa hiyo: nani kamwoza binti yake kwa siri, nani kaenda kwa mganga, nani anakula na nani. Watu waliogopa kukisikiliza, na hakuna aliyethubutu kukikosa.

Baba yetu, mzee Boina, msimamizi wa makuli bandarini, alikuwa na redio kubwa kuliko zote mtaani kwetu. Kila jioni aliitoa nje, wazee wenzake wakakaa naye, sisi wanawake tukasikilizia ndani nyuma ya pazia. Nilikuwa nachambua mchele. Sauti ya Mroudjae ilisema kwamba Bahiat binti Boina wa Mutsamudu, mchumba wa mtu, huingia mchana watu wakiwa wamelala nyumbani kwa Kamardine, fundi cherehani asiye na mke, amejigubika shiromani. Hizo ndizo kazi za shiromani, sauti ikamalizia. Wanawake wa Nzwani, vueni.

Nilisikia viatu vya wazee nje vikiondoka kimoja kimoja, kisha nikamsikia Baba akiizima redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya taarifa ya habari. Dada yangu alikuwa amesimama na ungo mkononi na uso umemsawajika.

Msomaji asiyefika kwetu nimwambie nini? Shiromani ni nguo ya wanawake wa Nzwani, pana, nyekundu na nyeupe, ya kujifunika kuanzia kichwani, mkono mmoja ukiishika usoni. Mjini kwetu mwanamke hujulikana kwa nguo yake kabla hajasalimia. Ya Bahiat ilikuwa na kiraka cha buluu ukingoni, pale ilipounguzwa na pasi ya mkaa, na hakuna asiyekijua kiraka kile kuanzia bandarini mpaka msikiti wa Ijumaa. Vijana wa kamati walihubiri kwamba shiromani inamficha mwanamke asijulikane ni nani, na papo hapo wakaapa kwamba mwanamke waliyemwona wamemjua kwa shiromani. Hakuna aliyewauliza washike lipi. Sheria ya dini inamtaka anayemtuhumu mwanamke alete mashahidi wanne, wanaume watu wazima; redio ilileta kitambaa.

Na kitambaa kilikuwa cha Bahiat kweli. Aliyekivaa ndiye hakuwa yeye.

Niliyajua haya baadaye, lakini nayasema sasa. Jirani yetu Chaehoi, rafiki wa dada yangu tangu chuo cha Kurani, alikuwa mke wa mwalimu Salimou. Siku moja watu wanatoka msikitini, Salimou alisema kwa sauti kwamba nchi inayochoma vyeti vya kuzaliwa vya watu wake inataka kusahau kuwa ina watu. Basi, hayo tu. Kabla ya jua kuchwa kamati ilikuwa inamsaka, na mwenzake aliyecheka aliposikia maneno yale alipigwa mpaka akapoteza jicho. Salimou akaingia kwenye chumba cha juu nyumbani kwa Kamardine, nyuma ya majora ya vitambaa, na humo akakaa.

Chaehoi alikuwa akifuatwa kila anakokwenda. Kwa hiyo alifanya wanavyofanya wanawake wote wa kwetu wakitaka kupita bila kuulizwa: aliazima shiromani. Saa ya usingizi wa mchana Bahiat alikwenda kwake, akavua yake, akakaa ndani kumlea mtoto. Chaehoi akajigubika, akatoka na chakula chini ya nguo, akapita mbele ya vijana wa kamati ambao walimwona Bahiat wa mzee Boina akienda kushonewa. Mara ya kwanza walimwacha. Mara ya tatu au ya nne, wakaanza kufikiri.

Yule aliyeazimisha nguo yake hawezi kutoka mlangoni mpaka irudi. Kwa hiyo nyakati zote hizo dada yangu alikuwa ndani, kichwa wazi, hakuna aliyemwona ila mtoto asiyejua kusema. Angekuwa amekaa barazani kwetu akila embe, angekuwa na mashahidi mtaa mzima.

Usiku wa tangazo Baba alimwita. Mimi nilikuwapo, maana hakuna aliyekumbuka kunitoa.

"Ni wewe?"

"Siyo mimi, Baba."

"Basi ni nani?"

Bahiat hakujibu. Alimjua baba yake. Mzee Boina alikuwa mtu wa kupiga kelele; angelijua jina angekwenda nalo uwanjani muda ule ule, kofia mkononi, kuutetea uso wa binti yake mbele ya watu wote, na kabla hajamaliza Salimou angekuwa ameburutwa ngazini. Baba alingoja. Kisha akasema, "Nguo ni yako," akaingia kulala, na tangu siku ile hakumwuliza tena na hakumtazama usoni.

Mama yake Bourhane, mchumba, alituma shangazi wawili. Walikaa vizuri, walisifu ubani, wakasema kijana amebadili nia. Nyumba ambayo Baba alikuwa akimjengea Bahiat, kama desturi yetu, ili mume amkute humo, ilikuwa imebaki kupakwa chokaa tu. Haikupakwa. Bahiat alihamia humo mwenyewe, peke yake, akasema sebuleni kwa Baba pamekuwa na joto.

Kwa nini hakumnong'oneza Baba? Nilimwuliza miaka yote, naye alinijibu kila mara kwa subira ile ile. Alitaka Salimou atoke kwanza. Kila juma aliamini kuwa ni juma lijalo. Kisha Baba akashikwa na homa ya mapafu, akawa wa kufa, na kwetu mtu wa kufa haachwi peke yake hata dakika moja. Chumba kilijaa shangazi, binamu, wasoma Yasini, na kijana mmoja wa kamati, mtoto wa ndugu, aliyekuja kwa huzuni ya kweli. Bahiat alipiga magoti, akaweka kinywa kwenye sikio la Baba. Wote walidhani anamlakinia shahada, anamtamkia ili aifuate. Shangazi Moinahalima, kwa mapenzi tu, akasogeza kichwa chake karibu ili asaidie. Basi dada yangu akamlakinia shahada.

Serikali ilianguka Mei, na Baba alikuwa na miezi miwili ardhini. Salimou aliteremka ngazi za Kamardine mweupe kama unga, akikinga macho kwa viganja. Chaehoi hakungoja hata mumewe aoge. Alitoka nyumba hadi nyumba, akafika mpaka kijiji cha Patsy kwa miguu, akieleza: nguo ilikuwa ya Bahiat, aliyeivaa ni mimi, niliyemwendea ni mume wangu. Namsifu kwa hilo. Na kila nyumba ilimjibu neno moja: sisi hatukuamini hata siku moja. Ukiwasikiliza, utashangaa nani basi aliyeondoa viatu vyake barazani kwetu. Wengine walimpokea kwa upole, wakamkaribisha maji, na alipokwisha kupita pembe ya ukuta wakasema rafiki mwenye deni lazima aseme hivyo.

"Mdomo wako hautoshi, mwenzangu," Bahiat alimwambia. "Redio iliingia nyumba zote kwa pamoja. Wewe unaingia moja moja."

Ndiyo maana tulikwenda Moroni.

Kutoka kwa Mroudjae tulikwenda redioni kwenyewe. Tulipokewa na kijana mstaarabu, jina lake Charif, aliyewahi kusoma sheria kidogo Ufaransa na alipenda ijulikane. Alitusikiliza mpaka mwisho, na nadhani alituhurumia. Alisema maneno ya serikali ile si maneno ya redio hii. Alisema kanda za kipindi zimefutwa, wameshazirekodia nyimbo, kwa hiyo hakuna kinachoonyesha kwamba jambo lile lilisemwa. Tena sheria ya Wafaransa, hata kama ingekuwa bado inafanya kazi hapa, inampa aliyekashifiwa miezi mitatu tu ya kudai.

"Miezi hiyo mitatu," Bahiat akamwuliza, "huhesabiwa hata kama kusema ukweli kunamwua mtu?"

Charif alifikiri. Akasema sheria haikuandika hivyo. Kisha, kwa kutaka kutufariji, akaongeza kwamba kwa sasa majina ya watu wa kawaida hayasomwi redioni kabisa, wamejifunza. Isipokuwa matangazo ya vifo.

"Basi nitangoja," alisema dada yangu, akajifunika shiromani yake.

Alingoja miaka mingi. Hakuolewa. Wachumba hawakukosekana kabisa: walikuja wawili, watu wazima wenye wake, kila mmoja akizungumza kama anayemfanyia hisani, naye akawatoa mlangoni kwa adabu. Alipika mikate ya kuuza, alilea wanangu nilipokuwa nazaa, alicheka sana, na mimi sitaki mtu aliyesoma mpaka hapa amfikirie mwanamke wa kulia dirishani. Ila jioni hakuwasha redio. Na mtu akimsifu msichana wa watu mbele yake, akisema huyu hana neno, niliona mkono wake unasimama juu ya unga, halafu unaendelea.

Alikufa mwaka jana, moyo, akiwa anakanda. Chaehoi na mimi tulimwosha pamoja. Salimou alikwisha kutangulia, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Tulipokuwa tunamfunga sanda Chaehoi akaniambia anataka jina lake mwenyewe litajwe redioni, na mwanangu akapiga simu Moroni. Siku hizi redio ni nyingi na hazina shida. Ukiwaambia waseme, wanasema.

Tulizika alasiri. Jioni nyumba ya Bahiat ilikuwa imejaa wanawake mpaka ngazini, na mtu akaiweka redio katikati ya mkeka. Tangazo likaja baada ya mengine. Bahiat binti Boina wa Mutsamudu amefariki dunia na amezikwa. Jirani yake Chaehoi anawatangazia watu wote kwamba wakati ule wa kamati aliyevaa shiromani ya marehemu alikuwa yeye Chaehoi, na kwamba marehemu hakuingia nyumba ile hata siku moja. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Chaehoi alikuwa amejifunika uso. Nami nilishukuru Mungu, nalisema wazi, nilishukuru kwa moyo wote, maana lilikuwa limesemwa pale pale lilipoanzia na nyumba zote zimelisikia. Nikawatazama wanawake nione nyuso zao. Wazee wenzetu walikuwa watatu tu, na mmoja kiziwi. Wengine wote walikuwa mabinti na wake za watoto wetu, waliozaliwa baada ya mambo yale, wametulia, wakitazamana.

Mjukuu wangu Faouzia alinisogelea, akaniinamia sikioni.

"Koko, kwani Koko Bahiat alikuwa amefanya nini? Nyumba gani hiyo?"

Nilifungua kinywa nimweleze. Nikaona kuwa ili nimweleze, lazima kwanza nilitamke neno lenyewe, mimi, ndani ya nyumba ya dada yangu, kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia.

"Hakufanya kitu," nikamwambia.

"Sawa, Koko," alisema Faouzia, kwa upole sana, kisha akageuka kumtazama mwenzake.