Ng'ombe Wasiomtaka Mwingine

Majirani walimbandika mfugaji jina la Bwana Ndoo, naye hakulikataa. Tangu aoe, ng'ombe wake wa maziwa aliwakamua mwenyewe, alfajiri na alasiri. Kila aliyejitolea kumsaidia alipewa jibu lile lile: "Hawa hawamtaki mwingine. Watabana maziwa." Harusi ya bintiye wa kwanza aliihudhuria mbio mbio, akala amesimama, akarudi zizini na suti yake.

Mwaka huu mambo yalianza kumwendea mrama. Kumwita mtoto huyu kwa jina la yule si kitu, kila mzazi hufanya. Lakini alimimina maziwa ya ng'ombe anayechomwa sindano za ugonjwa wa kiwele kwenye dumu moja na ya wenzake, na kituo cha maziwa kikagundua dawa, kikamrudishia dumu zima. Kosa hilo mfugaji halifanyi hata akilewa. Naye hakuwa mlevi, alikuwa amechoka, uchovu ule usioondoka hata mtu akilala, na usingizi wenyewe ulikwishamhama. Alifoka ovyo, kisha hata kufoka kukamshinda. Maziwa nayo yakapungua.

Daktari wa mifugo aliwapima ng'ombe wote, akafunga mkoba wake. "Hawa wazima. Wewe je?"

"Mimi sikamuliwi," alijibu Bwana Ndoo.

Siku ile ile mezani alimwambia mkewe kwamba amemwita mchuuzi wa ng'ombe aje na lori Jumamosi. "Nauza wote, mama watoto. Nimeishiwa nguvu, na hakuna wa kunipokea."

Mkewe aliacha kula. "Haya," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali.

Jumamosi alfajiri alivaa buti moja, la pili likamshinda. Alikaa kitandani amelishika tu, machozi yanamtoka, na angeulizwa analia nini asingejua. Mkewe hakumuuliza. Alimvua lile moja, akamlaza, akavaa koti la kukamulia na kutoka.

Bwana Ndoo alingoja kusikia ndoo ikipigwa teke. Alichosikia ni maziwa yakichuruzika, kwanza kwa mlio mkali, kisha mzito, ndoo ikizidi kujaa. Hakuamini masikio yake. Akaamka, akaenda pekupeku hadi mlangoni mwa zizi.

Mkewe alikuwa ameegemeza paji la uso ubavuni mwa Mkorofi, ng'ombe aliyemtandika Bwana Ndoo teke juzi tu, huku akimsimulia umbea wa majirani. Mkorofi alikuwa akicheua, ametulia tuli. Povu lilifika ukingoni mwa ndoo.

"Umejifunza lini?"

"Nimekulia zizini kwa baba yangu. Nilijua kukamua kabla ya kujua kusuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakwambia nikusaidie, wewe unanijibu hawamtaki mwingine. Kama najua au sijui, uliniuliza?"

Ilimuuma, tena sana, kuliko hata lile dumu lililorudishwa. Aliona wivu kwa ajili ya ng'ombe wake mwenyewe, akaona haya, na chini ya hayo yote akahisi mabega yanalegea. Alitaka kukaa pale pale kwenye majani makavu alale.

Nje ya lango lori lilipiga honi.

"Nikamwambie nini?" aliuliza.

Mkewe alibeba kigoda chake, akahamia kwa ng'ombe wa pili. "Mwambie una mke."

Akaenda kumwambia.