Mwano wa Masunga

Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao walikuja pia na mwano. Ni yowe, lakini si yowe la kila siku. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha ugali mezani, unakimbilia kule unakotokea, maswali baadaye. Wasangu na Wahehe wa Madibira waliuzoea nao, wakawa wanaukimbilia vilevile, maana moto hauchagui kabila.

Masunga yeye aliupeleka jukwaani.

Mtoto huyu wa Madibira alikuwa ameng'ara Mbeya mjini. Alipanga nyumba nzima Ilomba, na nyimbo zake zilipigwa kwenye baa zote mpaka Iringa. Katika wimbo uliompa jina anapiga mwano, analia, "Njooni, mama yangu anakufa!" halafu anaangua kicheko, "Nawatania!" Alipoalikwa nyumbani kutumbuiza kwenye sherehe ya mavuno, aliupiga kwenye spika kubwa kabla hata muziki haujaanza. Akina mama waliokuwa bado wanapeta mpunga wakatoka mbio. Bibi Kashindye, mjane aliyevuka sitini, akateleza kwenye tuta, goti likateguka. Masunga alimnyooshea kidole akacheka, watu wakirekodi kwa simu, na video ile ikatazamwa kuliko wimbo wenyewe.

Mama yake alimsihi aende akamwombe radhi yule bibi. Akajibu kwamba kazi ya msanii ni kuchekesha watu, na kwamba bibi mwenyewe ashukuru, amepata umaarufu wa bure. Jina lilikuwa limekua, akili imebaki palepale. Na watu wakimwona mkubwa wao anachezea kitu, nao wanakichezea: haikupita wiki, walevi wakawa wanapiga mwano wakitoka kilabuni, na watoto wakitoka shule.

Mwezi wa Januari Masunga alikuja kumsalimia mama. Mvua zilikuwa zimekolea, mfereji mkuu umejaa mpaka kwenye kingo. Asubuhi hiyo mama alitaka kumwonyesha jaruba lake la mpunga lililopandikizwa juzi, wakafuata mfereji wakizungumza. Walipofika kwenye lango la chuma linalogawa maji, mama akainama kuosha miguu, kama alivyofanya miaka yote. Zege lilikuwa na utelezi. Akaingia majini bila hata kupiga kelele.

Masunga alijitupa kifudifudi, akamdaka mkono. Maji yalikuwa yakipita kwa nguvu chini ya lango na kuingia kwenye kalavati linalopita chini ya barabara, na yalikuwa yakimvuta mama miguu kwanza. Kila mtoto wa Madibira anajua kwamba anayeingia mle hatoki upande wa pili akiwa hai. Ilitakiwa lango lifungwe. Usukani wa kulifungia ulikuwa nyuma ya Masunga, hatua nne tu, lakini akimwachia mama kwenda kuuzungusha, mama anakwenda na maji. Na akijaribu kumvuta, anateleza yeye.

Aliogopa. Aliogopa mpaka akahisi mkono wa mama unayeyuka ndani ya kiganja chake.

Shambani, karibu mita mia hivi, watu kama kumi walikuwa wanapandikiza. Akaita kwa nguvu zake zote: "Jamani, njooni, mama yangu anakufa!"

Wakanyoosha migongo. Sauti waliijua. Walichokiona ni Masunga amelala chini kwenye tuta la mfereji, anatupa miguu. Kijana mmoja, Brayson, akamalizia kwa niaba yake: "Nawatania!" Shamba zima likacheka, na simu zikatoka mifukoni.

Hapo ndipo hofu ilipompanda kichwani. Hakuwa na neno lingine. Yote alikuwa ameshayatumia. Akapiga mwano. Aliupiga kama marehemu baba yake alivyomfundisha, kutoka tumboni, na ukatoka vizuri kuliko alivyowahi kuupiga jukwaani. Wakampigia makofi.

"Masunga," mama alisema, maji yakimfika kidevuni, "niachie, mwanangu. Tutakwenda wote wawili."

"Siwezi, mayu."

Alifumba macho. Akahisi vidole vya mama vikianza kuteleza, kimoja baada ya kingine. Ndipo akasikia nyuma yake mkongojo ukigonga zege, na mtu anayehema.

Bibi Kashindye hakuuliza kitu. Aliutupa mkongojo, akaushika usukani, akauning'inia kwa uzito wake wote. Ukazunguka kidogo, ukagoma. Akageukia shambani, akaita jina moja tu: "Brayson." Kijana alipoona ni yule bibi, tena amesimama kwa goti bovu na mikono kwenye chuma, aliiangusha simu kwenye matope akakimbia, na wengine wote nyuma yake. Lango likashuka. Maji yakalegea, wakamtoa mama.

Walimfunika kanga tatu, akatapika maji, akaanza kulia, na kila mtu akashukuru kumsikia analia. Brayson alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe. Masunga alitambaa mpaka alipokaa bibi, akamwomba radhi ya goti, ya video, ya kila kitu. Halafu akamuuliza alijuaje kwamba safari hii ni kweli.

"Sikujua," alisema Bibi Kashindye. "Nimesikia mwano, nikaja. Na kwenye sherehe ile nilikuja hivyohivyo." Akalisugua goti. "Mimi nakaa peke yangu, Masunga. Siku nikiupiga mimi, nani atakuja?"

Masunga aliuokota mkongojo, akamrudishia.

Barabarani ilipita bodaboda, spika imefungwa kwenye usukani, wimbo wake unapigwa. Mwano ukasikika mpaka mfereji wa pili. Kati ya wale kumi hakuna aliyegeuza shingo. Bibi Kashindye peke yake aliushika mkongojo, akainuka nusu, akasikiliza mpaka kicheko kilipofika, ndipo akakaa tena, taratibu, kwa sababu ya goti.