Joto Kwenye Barafu

Machogu, mdogo wangu, alinitumia picha tatu Jumatatu asubuhi, nikiwa nimelala chali chini ya pikipiki ya mchuuzi wa maziwa hapa Nyansiongo. Chini ya picha aliandika: "Kaka, nichagulie. Wewe ndiye fundi wa nyumba yetu."

Zilikuwa pikipiki za theluji. Machogu anaishi Minnesota, Marekani, mwaka wa tisa sasa, akihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza. Mimi theluji sijaiona. Kilicho karibu nayo ni mvua ya mawe inayotuharibia chai. Nikafuta mikono, nikakuza picha kwa vidole viwili. Pikipiki hizo hazina magurudumu. Mbele zina miguu miwili mipana inayoteleza, na nyuma, mahali pa tairi, kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno, unaozungushwa na injini.

Akatuma na sauti yake. Alisema wikendi nyingi atapita njia zilizoshindiliwa, ngumu kama barabara. Lakini mara mbili kwa msimu yeye na wenzake wa kazini huenda milimani, ambako theluji ni laini kama unga na inafika kiunoni. Alitaka mashine moja ya kote kuwili. Kiwanda hutengeneza kwa walioagiza mapema, na mwisho wa kuagiza ulikuwa Jumamosi saa sita mchana kwao, yaani saa mbili usiku kwetu.

Nilifurahi, sitaficha. Mtu aliye Marekani, aliyezungukwa na wauzaji wenye tai, anamwuliza kaka yake wa Nyansiongo. Kisha simu ikalia tena: "Nimemwuliza na Mogire."

Mogire ana gereji Nyamira mjini, yenye mlango wa kioo na cheti ukutani. Yeye na Machogu walitahiriwa msimu mmoja. Kabla ya kwenda chuoni alikaa kwangu miaka miwili akijifunza, na mpaka leo huniita Mwalimu. Mimi sina cheti. Nilijifunza kwa kufungua vitu na kuvirudisha.

Nilirudi chini ya pikipiki ya mchuuzi nikakaza nati moja, nikaendelea kuikaza, hadi bolti ikakatika. Kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kukata bolti ya mteja. Mchuuzi aliokota kipande akakitazama. Nilimwekea mpya nikamwomba radhi, lakini sikumwambia nilikuwa nikimkaza nani.

Jumanne nilinunua daftari. Nilitafuta mtandaoni nikaandika urefu wa mkanda wa kila mashine, urefu wa meno, upana wa miguu ya mbele na uzito. Namba peke yake haziniambii mengi mpaka nizione chini, kwa hiyo nikachukua uzi na majivu, nikachora mashine zote tatu uani kwa vipimo vyake. Ile ndefu ilitoka kwenye mlango wa gereji ikafika kwenye banda la kuku.

Thadeus, jirani yangu, alipita na mkungu wa ndizi begani akasimama.

"Omosa, hilo kaburi refu hivyo ni la nani?"

"Si kaburi. Ni pikipiki."

"Pikipiki ya futi kumi na tatu? Basi inabeba kwaya nzima."

Alicheka hadi barabarani. Nyanchera, mke wangu, alitoka jikoni akazunguka mchoro polepole.

"Baba Gladys, huu mkanda si unazunguka kama cheni?"

"Unazunguka."

"Na cheni ukiipima ikiwa imevuliwa, si ni ndefu mara mbili ya ilivyo ikiwa imevalishwa?"

Nilimwangalia, nikaangalia majivu. Mimi hupima cheni kila siku ya Mungu. Nilikunja uzi katikati nikachora upya, na kuku wakapata nafasi yao. Nyanchera alirudi jikoni, nikamsikia akicheka na sufuria zake.

Jumatano mvua ilinyesha, nami nikaitumia. Nilifunga tairi la meno marefu kwenye pikipiki yangu, nikaingia kwenye matope nyuma ya zizi. Likanitoa. Nikaenda nalo kwenye lami, likatetemeka hadi mikono ikafa ganzi. Nikarudi na tairi la meno mafupi. Lami ilikuwa tamu, lakini matopeni lilizunguka pale pale likijichimbia shimo. Basi theluji laini ndiyo matope yao, na njia iliyoshindiliwa ndiyo lami yao. Mkanda mrefu wenye meno marefu haungezama milimani, lakini njiani ungegoma kukata kona. Mfupi ungekata kona vizuri, kisha milimani ungemzika Machogu hadi kifuani.

Alhamisi jioni nilikuwa nimefika: mashine ya kati, mkanda wa wastani, meno ya wastani, miguu ya mbele inayoweza kusogezwa ndani na nje. Niliandika sababu tano kwa mwandiko safi.

Ningetuma saa ile ile. Badala yake nilikaa na daftari mapajani nikiwaza Mogire ameandika nini. Ijumaa asubuhi nikamwambia Nyanchera nakwenda Nyamira kununua gasketi ya kabureta.

"Gasketi ziko hapo Keroka," alisema.

"Za Nyamira ni nzuri zaidi."

Aliendelea kuosha vikombe.

Mogire alinipokea kwa mikono miwili. Alivuta kiti cha wateja, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe.

"Mwalimu! Umekuja kwa sababu ya Machogu."

"Nimekuja kununua gasketi."

"Basi gasketi utapata bure ukinisahihishia kazi." Alinipa simu yake. "Sijamaliza, imebaki kulinganisha uzito. Nina injini ya mteja hapa lazima niifunge kabla jua halijatua, na kesho ni Sabato. Nitamtumia kesho jioni Sabato ikitoka. Soma, uniambie nimepotea wapi."

Nilisoma nikitafuta mahali alipopotea. Mashine ya kati. Mkanda wa wastani. Meno ya wastani. Alikuwa amepita njia yangu yote bila majivu wala kuku. Kisha nikafika mwisho, palipokuwa na jambo la sita.

Aliandika kwamba mashine zile hazina rejeta mbele kama gari. Maji ya injini hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda chini ya kiti. Milimani theluji ni tele. Lakini kwenye njia ngumu, au juu ya ziwa lililoganda, mkanda haurushi kitu, na injini inaweza kuchemka hapo hapo kwenye baridi. Dawa yake ni vyuma viwili vyembamba vinavyoburutwa chini, vikikwaruza barafu na kuirusha juu. Machogu aviagize pamoja na mashine, maana yeye njia ngumu ndiyo atakayoipita zaidi.

Nilisoma mara tatu. Nani anawaza injini kuchemka kwenye barafu? Nilikuwa nimeiona nchi nzima imeganda, nikaona suala la joto limekwisha.

"Hili la joto umelitoa wapi?" nilimwuliza, sauti yangu ikiwa ya kawaida.

"Si wewe ulinifundisha?" Mogire alikuwa ameshainamia injini yake. "Ulisema mtu akikuletea mashine usiyoijua, uliza kwanza joto lake linatolewa wapi. Nilitafuta rejeta kwenye picha sikuiona. Nikakaa siku mbili nikisoma."

Ningeweza kuvumilia kama angekuwa amelitoa chuoni. Lakini alikuwa amelichukua kwangu, akalitunza, nami nikalipoteza.

"Nimepotea mahali, Mwalimu?"

"Hapana," nilisema. "Iko sawa."

Alinifungia gasketi kwenye karatasi, akakataa kabisa pesa yangu.

Saa kumi alasiri nilikuwa nimefika nyumbani. Nilinakili sababu zangu tano kwenye simu. Chini yake nikaandika ya sita: joto, rejeta isiyokuwapo, vyuma vya kukwaruza. Niliyaandika kwa maneno yangu, na jina la Mogire sikuliweka. Nikatuma.

Machogu alijibu kwa sauti baada ya dakika chache. "Kaka, umenimaliza! Muuzaji wa hapa hajanitajia hilo la joto hata siku moja. Wewe uko Nyansiongo unaijua barafu kuliko wenye barafu! Sasa Mogire nimsubiri wa nini?"

Hayo ndiyo maneno niliyoyatamani tangu Jumatatu. Niliyasikiliza mara ya pili nikitegemea yatanishibisha.

Tulipokuwa tukila, Nyanchera aliuliza, "Na Mogire alisemaje?"

"Hakuwa na mengi."

Alinimegea ugali, akaniangalia, akaendelea kula.

Jumamosi nilifungua gereji lakini kazi haikuja mkononi. Sauti za Waadventista zilifika kutoka kanisani, na kila wimbo ulipokwisha nilihesabu saa zilizobaki jua litue. Nilijiambia kwamba kanuni ile ya joto ni yangu, kwa hiyo na jibu ni langu. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Jambo la kweli huwa sihitaji kujiambia zaidi ya mara moja.

Saa moja kasorobo simu ikalia. Machogu alikuwa amenipelekea ujumbe wa Mogire, wote hadi uzito, na juu yake ameandika: "Ha ha! Mwanafunzi wako amekunakili hadi vile vyuma! Ngoja nimwambie aache kuibia watu mtihani."

Nilimpigia kabla sijafikiri.

"Usimwandikie," nilisema.

"Nani? Mogire? Natania tu, kaka."

"Usimwandikie hata utani. Si yeye aliyenakili."

Nilisikia mlango wa gari ukifungwa kule kwake.

"Sijaelewa."

"Jana nilikwenda kwake. Alinionyesha alichoandika ili nimsahihishie. La joto ni lake. Mimi sikuliona kabisa. Nililichukua nikalituma kwa jina langu, nikijua yeye hatatuma mpaka Sabato itoke."

"Omosa!" Hajawahi kuniita jina hivyo, bila kaka. "Ulikuwa na haja gani?"

Nyanchera alikuwa mlangoni, amebeba ndoo ya maziwa. Sikumfukuza.

"Nilitaka uwe unaniuliza mimi peke yangu."

Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kaka, kule milimani mashine ikizima hakuna mtu wa kunivuta. Wewe umejifunza peke yako, na unajua sana, lakini ukikosea hakuna aliye karibu wa kukuonyesha. Ndiyo maana nilimwuliza na yeye. Nikiona mmekubaliana, nalala bila wasiwasi. Sasa mlivyokuwa mmekubaliana, kumbe nilikuwa nalala kwa neno la mtu mmoja."

Alisema ataagiza ile ya kati na vyuma vyake, kisha akakata.

Bado Mogire. Kumpigia huyo kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu alipokea akicheka.

"Mwalimu, Sabato njema imetoka! Nimetuma."

Nilimwambia yote, toka gasketi mpaka saa kumi alasiri. Nyuma yake nikasikia watoto wake wakigombania kiti.

"Ungeniomba tu," alisema mwishowe. "Ningekupa. Ningefuta kwangu."

Hakusema kwa hasira. Ningependelea hasira.

Nyanchera aliweka ndoo chini. "Na ile gasketi," alisema, "Jumatatu uirudishe au uilipe."

Niliilipa.

Machogu hakunipigia wiki tatu. Kisha akafungua kundi la WhatsApp la watu watatu, yeye, mimi na Mogire, akaliita "Mafundi wa Theluji". Hakueleza kitu. Mogire akaniandikia "Karibu Mwalimu" kama kawaida yake. Mimi kila nilipoliona jina lake pale nilihisi kitu kikinikaza mbavuni, robo mzunguko, si zaidi. Sikudanganyi kwamba kiliisha.

Mashine ilifika Novemba, na theluji ya kwanza ikafuata. Machogu alitutumia video akiwa amevaa kama mtu aliyefungwa magodoro, anapita juu ya ziwa lililoganda. Vyuma viwili vilikuwa vikiburutwa chini, na barafu ikiruka juu kama pumba kwenye mashine ya kukobolea. Injini haikuchemka.

Wiki iliyofuata aliandika kundini: "Mafundi, mkanda unasogea kushoto, unakula pembeni. Kesho tunaondoka kwenda milimani. Nifanye nini?"

Hilo nililijua. Mkanda ni kama cheni, na cheni iliyopinda ndiyo ugali wangu. Niliona maandishi madogo: Mogire anaandika. Vidole vyangu vilikimbia. "Legeza ekseli ya nyuma. Kaza bolti ya kushoto robo mzunguko. Izungushe uangalie, urudie mpaka ikae katikati." Nikatuma kwanza. Safari hii jibu lilikuwa langu tangu neno la kwanza.

Maandishi ya Mogire yalikoma. Nikatabasamu. Kisha yakaanza tena.

"Mwalimu amemaliza," aliandika. "Naongeza dogo tu. Ukimaliza, kaza tena nati ya ekseli kabla ya kuondoka."

Nilikuwa nimemwambia ndugu yangu alegeze ekseli, na sikumwambia aikaze. Nilikaa na simu mkononi, uani pale pale nilipochora kwa majivu. Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angeuliza.

Niliandika, "Ni kweli. Hilo nilisahau. Asante Mogire." Nikalisoma, nikafuta, nikaliandika tena vile vile, nikalituma.

"Sawa mafundi," Machogu akajibu. "Sasa nalala."