Kijiko cha Kaure na Uso wa Xiuzhi

Naapa kwa meno yangu manne ya mbele, ndiyo pekee mdomoni mwangu yasiyonunuliwa, kwamba haya yote ni kweli tupu. Hata pale utakaponikuta naongopa, ujue ndivyo nilivyoongopa siku ile, kwa hiyo bado ni kweli.

Mimi na mke wangu Xiuzhi tulioana hapa Foshan, kusini mwa China, mwaka wa sabini na tisa. Picha yetu ya harusi ni moja, ndogo kama stempu, na sote wawili tumevaa makoti ya kiwanda cha vigae. Basi mwaka huu mtaa ukatangaza kwamba Jumamosi wazee tutapigwa picha za harusi upya, gauni jekundu, maua, kila kitu. Xiuzhi akajiandikisha wa kwanza. Jumatatu nikamkuta anavaa viatu aende kujifuta kwenye orodha.

"Kulikoni tena?"

"Hebu niangalie, Mzee Pang. Huu ni uso wa bibi harusi, au wa mtu aliyekuja kukata umeme?"

Tangu dada yake afariki wakati wa baridi, Xiuzhi alikuwa analala ameuma meno. Mataya yalikaza, mashavu yakawa yanaamka yamevimba. Mimi niliuona uso uleule niliouoa, lakini anayekaa mbele ya kioo ni yeye. Nikaropoka.

"Guasha ya uso itakulegeza. Naijua vizuri. Nilifundishwa na bibi mmoja wa kundi la opera, alikuwa akiwalainisha waigizaji kabla hawajapakwa rangi."

"Lini hiyo?"

"Kabla yako."

Alinitazama, akavua viatu. "Haya. Ijumaa nitakupa uso wangu. Ukishindwa, picha siendi."

Huyo bibi wa opera hata kivuli chake sijawahi kukiona. Nilichojua ni guasha ya mgongo, ile ambayo kila mtoto wa huku anaijua: ukizidiwa na joto, mama anakulaza kifudifudi, anachovya kijiko cha kaure kwenye mafuta, anakukwangua mgongo mpaka mistari myekundu ijitokeze, na ikikolea ndiyo anafurahi. Nikajiambia, uso si ni mgongo mdogo tu? Bahati nzuri nilianza na wangu. Jumatano Xiuzhi alikwenda sokoni, nikajifungia bafuni na kijiko, nikajikwangua kwa moyo wote. Nilipofumbua macho, kwenye kioo alikuwamo kaa aliyechemshwa. Mistari mitatu kila shavu.

Kesho yake asubuhi tulikuwa mezani kwenye nyumba ya chai na jirani yetu Ou.

"Pang, umekanyagwa na baiskeli?"

"Bata bukini," nikasema. "Alinasa kwenye wavu kule bwawani, nikamwokoa. Akanishukuru kwa mabawa."

Hadi uji unamalizika, bukini walikuwa watatu na mimi nilikuwa majini hadi kidevuni. Xiuzhi alininyanyulia kikombe. "Pole, shujaa wangu."

Mchana huo akaja Yating, mke wa mwanangu, na kimfuko mkononi. Xiuzhi alikuwa ametoka. Yating alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku.

"Baba, bukini wa siku hizi wanatumia vijiko?"

Nikajifunika mashavu kwa viganja. Na yeye, Mungu ambariki, hakucheka zaidi ya dakika tano. Akatoa kijiwe bapa cha kijani na chupa ya mafuta ya mbegu za kamelia.

"Mgongoni unautafuta wekundu. Usoni ukitokea hivi, ujue umeshaharibu. Mafuta kwanza, jiwe lisivute ngozi. Lilaze, karibu lilale kabisa. Unaanza na shingo. Kisha kidevu kwenda sikioni, pua kwenda kando ya paji. Mkono wa pili unashikilia ngozi. Mara tano, sita, basi."

Nikajaribu kwenye mkono wake. Akauchomoa. "Baba! Hapa husugui kigae!"

Ndipo akaniwekea kipande cha tofu, ile jibini laini ya soya, kwenye sahani, akasema nikipitishie jiwe bila kukichana. Nilichana vinne. Tukavila na mchuzi wa soya. Cha tano kilitetemeka tu, kikabaki kizima, na Yating akapiga makofi kana kwamba nimetembea kwa mara ya kwanza.

Ijumaa baada ya chakula Xiuzhi akajilaza kwenye kochi, taulo kichwani. Nikaanza na shingo. Chini ya sikio nikakuta fundo gumu kama karanga. Nikapitisha jiwe, nikangoja, nikapitisha tena.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo ninapomweka dada."

Nikaliacha jiwe lilale papo hapo. Taratibu mdomo wake ukafunguka wenyewe, machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, nikayafuta kwa kidole chenye mafuta. Kisha akakoroma. Sijawahi kulishukuru koromo la mtu namna ile. Nilikaa pale na jiwe mkononi, naogopa hata kupiga chafya.

Jumamosi alivaa gauni jekundu. Mpiga picha akaniambia, "Mzee, hiyo mistari nitaifuta kwa kompyuta."

"Usifute hata mmoja," Xiuzhi akadakia. "Kwenye foleni hii yote, ni mume gani mwingine kajikwangua hivi kwa ajili ya mkewe?"

"Walikuwa bukini..." nikaanza.

"Pang Deyuan! Unadhani ni nani aliyempigia simu Yating? Jumatano nilirudi kuchukua kikapu, nikasikia mtu mzima analia bafuni."

Foleni nzima ikaangua kicheko, Ou na mkewe mbele yao. Nilitaka kununa, nikashindwa. Mwanamke alijua siku zote kwamba sijui kitu, na bado akanilalia pale, akanipa uso wake.

"Umeongopa mara mbili," akasema, "bukini na yule bibi wako wa opera. Lipa."

"Nilipe nini?"

"Mimi taya la kushoto linanisumbua," akasema mke wa Ou.

"Na mimi paji," akasema mwingine nyuma yake.

Jumapili walikuja watano. Walikaa barazani kwangu kwa mstari, nywele zimebanwa, nyuso juu. Xiuzhi alizunguka akiwamiminia chai, mimi nikapaka mafuta viganjani na kuanza na shingo ya kwanza.