Tarehe ya Kuzaliwa ya Liucija

Masanduku mawili marefu yalishushwa kwenye lori Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia makaburi ng'ambo ya barabara. Edvinas, meneja wa duka, aliyasukuma mwenyewe hadi stoo, akayafunika turubai, na siku nzima hakusema ndani mna nini. Hakuwa na haja. Ubavuni mwa kila sanduku palichorwa mashine ya kujilipia, na mbele yake mwanamke kijana akicheka na mkate wake, hana keshia wa kumwambia asante.

Makeshia wa duka lile walikuwa wawili, Valerija na Rima. Mashine nazo zilikuwa mbili. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeiweza.

"Labda ni za duka la mjini," Rima alisema, wakipanga mishumaa ya makaburini. "Wamezihifadhi kwetu tu."

"Labda," Valerija alijibu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, amebakiza miezi kumi na sita apate pensheni. Nyumbani alimwacha mumewe, Pranas, aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia, ambaye tangu Pasaka alikuwa na maneno matatu tu: ndiyo, baridi, na jina la Valerija. Katika mji ule, tangu kiwanda cha kitani kifungwe, hapakuwa na kazi nyingine kwa mwanamke wa umri wake. Vijana walishakwenda Ireland kuchuma uyoga. Waliobaki waliuza katika duka lile au walinunua katika duka lile.

Jumanne Edvinas alibandika karatasi juu ya sinki la wafanyakazi. Wiki hii atapita mnunuzi wa siri, mtu aliyelipwa na kampuni kujifanya mteja ili kuwapima makeshia.

Sheria ya nchi ilikuwa fupi: asiyefika miaka ishirini asiuziwe pombe. Kampuni, kwa kuogopa faini, iliinyoosha ikawa ndefu. Kila mnunuzi aombwe kitambulisho, hata awe na mvi, hata awe na mkongojo. Mashine ya malipo ya kaunta ilikataa chupa mpaka keshia aingize tarehe ya kuzaliwa ya mnunuzi. Lakini mji ulikuwa na watu elfu mbili, na kumwuliza jirani kitambulisho ni sawa na kumwambia humjui, na mama yake pia humjui. Kwa hiyo makeshia waliingiza tarehe kutoka kichwani. Valerija alizijua za nusu ya mji: nani alizaliwa siku ya mtakatifu gani, nani alizaliwa mwaka wa theluji kubwa. Edvinas alilijua hilo. Siku Rima alipougua na yeye kukaa kaunta, alifanya vilevile.

Wiki hiyo Valerija aliamua kumwuliza kila mtu. Roho mkononi, aliuliza.

"Kitambulisho, mzee Bolius."

Mzee Bolius alikuwa na miaka themanini na mbili na meno manne. Aliitazama bia yake, akamtazama Valerija.

"We mwanamke una homa?"

"Ni amri, mzee."

"Nilicheza kwenye harusi yako! Nilikubeba ukiwa na mavi kwenye nepi!" Aligeukia foleni. "Jamani, nimerudi ujana! Mnitafutie mchumba!"

Foleni ikacheka. Mmoja akasema, mwombe na cheti cha ubatizo. Mzee Bolius aliiacha bia kaunta akatoka bila kuaga, na aibu ilimpanda Valerija hadi masikioni. Lakini alimwuliza wa pili, na wa tatu. Kila mgeni aliyeingia na mkoba alimwona ndiye. Mwanamume mmoja wa koti la bluu alizunguka rafu za vodka mara mbili. Sarafu zilimponyoka Valerija. Kumbe yule alitafuta siki.

Alhamisi ilikuwa mbaya zaidi. Jumamosi ndiyo Siku ya Wafu, na mji mzima ulikuja kuchukua mishumaa na maua ya makaburini. Foleni ilifika kwenye friji za maziwa. Edvinas alitoka ofisini, akasimama nyuma ya kiti cha Valerija.

"Bi Valerija, wateja kumi tu kwa robo saa. Makao makuu wanaona kwenye skrini yao."

"Nawauliza vitambulisho, kama ulivyobandika."

"Uliza. Lakini haraka."

Mvulana huyu alisoma darasa moja na mwana wa Valerija. Alikula chapati za viazi jikoni kwake, akimwita shangazi, akiomba maziwa ya mgando ya kuchovyea. Sasa ni Bi Valerija. Alibaki amesimama hapo, saa mkononi.

Ndipo zamu ya Liucija ilipofika. Amevaa shela nyeusi, kwani mumewe Vladas alikuwa anatimiza mwaka mmoja kaburini. Huyu ndiye mama wa ubatizo wa mwanawe Valerija, na kaunta ya pili aliikalia yeye kabla ya Rima, miaka kumi na tisa, mpaka alipostaafu. Aliweka mkate mweusi, mshumaa mwekundu na chupa moja ya vodka.

"Ya wachimba kaburi," alisema, bila kuulizwa. "Watanisimamishia jiwe kesho."

"Pole, dada yangu."

Mkono wa Liucija ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika kitu, hautoki. "Kitambulisho ninacho," alisema polepole. "Ninacho hapa, Valerija."

"Kaa nacho. Nani asiyekujua?"

"Ninacho," Liucija alirudia, na midomo yake ilikuwa imekauka.

Nyuma mtu alikohoa kwa hasira. Edvinas aligonga kioo cha saa yake kwa ukucha. Kumwuliza mjane umri wake, mbele ya mji mzima, kwa chupa ya kaburi la mumewe! Hapana, Valerija hakuweza. Vidole vyake viliingiza vyenyewe: tarehe kumi na tatu Desemba, siku ya Mtakatifu Lusia, ndiyo maana akaitwa hilo jina. Mashine ikakubali. Liucija aliichukua chupa kama mtu anayeokota kitu cha moto, akaondoka, na mshumaa wake akausahau.

Ijumaa asubuhi Valerija aliitwa ofisini. Edvinas alisoma karatasi, macho hayainui.

"Mnunuzi: mwanamke, zaidi ya miaka sitini. Keshia hakuomba kitambulisho. Keshia aliingiza tarehe bila kuona hati yoyote. Ni udanganyifu katika kumbukumbu za mauzo. Kosa kubwa."

Valerija alielewa taratibu, kama maji baridi yanavyopenya kiatu. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Tarehe niliyoingiza ilikuwa ya uongo?"

"Suala si hilo."

"Ni ya kweli au si ya kweli, Edvinas?"

"Ni ya kweli, shangazi," alisema, na uso ukamwiva papo hapo. Akajirekebisha. "Bi Valerija. Tia sahihi hapa. Kosa kubwa ni kufukuzwa bila kiinua mgongo. Sikuandika mimi sheria."

"Ulikuwa umesimama nyuma yangu."

Alimsogezea kalamu.

Wiki iliyofuata kaunta yake iling'olewa, na sanduku la kwanza likafunguliwa. Ofisi ya ajira iliyasoma yale maneno, kosa kubwa, ikamrudishia karatasi zake bila posho. Liucija alikuja mara moja tu, akasimama nje ya uzio na kopo la asali.

"Watu wa kampuni walinipigia simu, wakaahidi pesa," alisema. "Kuni ziliniisha Septemba. Na jiwe la Vladas lilitaka kulipiwa. Waliniambia ni kujaza fomu tu, sikujua ni wewe mpaka nilipofika. Nilikwambia ninacho, Valerija. Mara mbili nilikwambia."

"Rudi kwako, Liucija."

Asali aliiacha juu ya nguzo. Ilikaa hapo mpaka theluji ikaifunika.

Januari Pranas alisema baridi tangu anapoamka mpaka anapolala. Valerija alikuwa akichoma mbao za banda la kuku simu ilipolia. Sauti ya msichana, laini, ya mji mkuu.

"Ni Bi Valerija? Tunatafuta watu wa kutathmini huduma madukani. Ni kazi nyepesi. Tunapendelea mtu mzima, ambaye keshia amemzoea."

"Jina langu mmelipata wapi?"

"Uko kwenye orodha ya waliowahi kufanya kazi na kampuni. Duka ni lile la hapo kwenu. Unaweza Ijumaa?"

Pranas alimwita jina, kisha akasema, "Baridi."

Ijumaa duka lilikuwa tupu. Palipokuwa kaunta yake, mashine iliwaka taa nyekundu, ikingoja mtu. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na chini ya turubai sanduku la pili lilikuwa bado halijafunguliwa. Edvinas alimwona kupitia kioo cha ofisi, akainamia karatasi zake.

Rima alikuwa peke yake kwenye kaunta iliyobaki, mkono mmoja juu ya tumbo. Mimba ilikuwa imeanza kuonekana.

"Valerija!" Uso wake ulichanua. "Mbona ulitupotea? Pranas hajambo? Ngoja, mpaka umri wako nitauliza sasa, eti!" Alicheka. Mwezi wa tano, kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya Valerija, Rima alimletea keki stoo na mshumaa mmoja juu yake.

Valerija aliweka kaunta chupa aliyokuwa ameishika. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika kitambulisho.

"Ninacho," alisema.

"Aka, toka hapa," Rima alimwambia kwa upendo, na kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza tarakimu ya kwanza.