Wasifu wa Aliye Hai

Mji wetu wa Kumasi hauna ubahili kwa marehemu. Ukifa, hata kama ukiwa hai hukuwahi kupishwa kiti, utatundikwa picha kubwa njia panda, watu watashona sare, na Jumamosi atasimama mpwa mwenye sauti nzuri asome wasifu wako mpaka waliokujua waanze kutazamana, kila mmoja akijiuliza kama amekosea msiba.

Mama Mkubwa Pokuaa, dada ya mama yangu na ndiye aliyenilea, alirudi kutoka msiba wa namna hiyo amevimba kwa hasira. Alikuwa amekwenda kumzika Serwaa, mwenzake wa kuuza vitenge katika soko la Kejetia.

"Eti alikuwa mpole!" alisema kabla hajavua viatu. "Serwaa! Aliyemkung'uta mgambo wa soko kwa mwamvuli hadharani! Wamemfuta mwenzangu mbele ya macho yangu, na mwenyewe kalala pale, pamba puani, hawezi hata kukohoa."

"Ndiyo desturi, Mama."

"Desturi yenu. Wasifu wangu mimi utauandika wewe, na utauandika sasa, nikiwa na masikio yangu. Uuweke kwenye hiyo blogu yako. Nikisikia uongo nikukatize hapohapo."

Hiyo blogu yangu. Afadhali angeniomba figo.

Zamani, nilipokuwa fundi mdogo katika idara ya maji, nilikuwa naandika kila Alhamisi habari za watu wa mtaa wetu wa Bantama: mzee anayenyoosha nguo kwa pasi ya mkaa na kuzisemesha, mama muuza viazi vikuu vya kukaanga anayekataa kumuuzia asiyesalimu. Watu walisoma, wakabishana, wakanitumia habari za mitaa yao. Kisha nikapandishwa cheo, nikakabidhiwa kikosi cha kuziba mabomba. Mabomba ya mji huu yalilazwa na watu waliokufa kitambo, na hupasuka kama yaliyopeana miadi. Cheo kikanenepa, blogu ikakonda.

Tangu hapo nilichoandika ni kuomba radhi tu. Niliandika "Nimerudi", nikapotea. Nikaandika "Nimerudi Tena", nikapotea zaidi. Nikaandika "Safari Hii Kweli", na msomaji mmoja akanijibu chini yake: "Karibu sana. Unaondoka lini?" Nilicheka, halafu ikaniuma, maana alikuwa amesema kweli. Nilikuwa muuza duka anayefungua mlango ili awaambie wateja kwamba hakuna bidhaa.

Basi nikamwambia Mama Mkubwa, "Jumapili." Jumapili bomba likapasuka mtaa wa Suame. Jumapili iliyofuata wakubwa wakataka ripoti. Naye kila Jumapili, akitoka kanisani, hakubadili nguo; alikaa barazani na kitenge chake cha heshima, mikono mapajani, akingoja kuulizwa. Nilikuwa nikirudi na matope hadi magotini nakuta ameshaingia ndani, na kitenge kimekunjwa juu ya kiti.

Jioni moja nilimkuta bado amekaa. "Konadu," akaniita, "bomba likipasuka unakwenda mbio. Mimi ningoje nipasuke?"

Akaendelea, sauti imeshuka. "Ule mtaa niliokuwa nikipanga vitenge chini, kabla sijapata kibanda. Unaitwaje?"

Nikamtajia. Alinitajia yeye huo mtaa mara elfu nilipokuwa mdogo.

"Eeh," akasema. "Huo. Leo nimeutafuta tangu asubuhi, sikuuona." Alinitazama, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona Mama Mkubwa akiogopa. Hapo nikaelewa kwamba hakuwa akikimbizana na kifo. Alikuwa akikimbizana na kitu kinachotangulia.

Nikaacha kuingoja Jumapili, kwani Jumapili ni ya wenye kazi za kalamu. Asubuhi nilipokuwa navaa mabuti, naye akinywa uji wake wa mtama wenye tangawizi, niliweka simu mezani inirekodie sauti yake. Na kwenye kazi yetu kuna wakati mmoja ambao nilikuwa nautupa bure. Bomba likipasuka, tukishafunga vali, hakuna wa kuchimba mpaka maji yaliyobaki ndani yaishe. Kikosi hukaa, wengine husinzia, wengine hutukanana kuhusu mpira. Mimi nilikuwa natumia wakati huo kujibu wakubwa. Sasa nikawa nafunga mlango wa gari, naandika. Wakubwa wakangoja maji yaishe kama watu wengine.

Tatizo likawa ni huyo "sisi". Kila hadithi ya Mama Mkubwa ilikuwa na "sisi". Tulipata kibanda. Tulilala juu ya marobota mvua ikinyesha. Tuligawana kipande kimoja cha samaki.

"Sisi nani, Mama?"

"Sisi. Andika."

"Mama."

"Kuna mtu," akasema akiukoroga uji uliokwisha. "Akyaa. Huyo usimtie. Hata jina lake lisiingie. Nyoka."

Mji mzima unaujua ugomvi huo. Kwetu kitenge kikitoka kiwandani hakina jina. Jina hupewa na wanawake wa sokoni, na jina likishika, kitenge huuzika. Kulikuwa na kitenge kimoja cha ndege wa manjano kilichokuwa kimewadodea, mpaka kikapewa jina "Sema Umepewa". Baada ya hapo kikagombewa. Pokuaa na Akyaa waligombea nani alitoa hilo jina, wakagawana kibanda, wakaacha kusalimiana, na watoto wao hawakualikana harusini.

Lakini asubuhi moja, akiwa na furaha ya kukumbuka, Mama Mkubwa aliteleza. "Alikuja mwanamke anakitamani, anamwogopa mumewe. Anasema, akiniuliza hela nimetoa wapi? Mwenzangu pale nyuma, kinywa kimejaa ndizi, akamwambia, 'Sema umepewa!' Tulicheka mpaka rundo la vitenge likaanguka." Akacheka tena, kisha ghafla akaomba kijiko ambacho alikuwa amekishika.

Nilihangaika na hilo siku nyingi. Mtu aliyewakasirikia watu kwa kumpaka Serwaa sukari sasa ananitaka nimpake yeye. Niliogopa hasira yake, na nilimwonea huruma. Mwishowe nikaliandika kama alivyolisema, na ndizi yake, na jina la Akyaa.

Nilimaliza Alhamisi asubuhi, kando ya bomba kuu lililopasuka karibu na hospitali. Vali ilikuwa imefungwa, Boakye na wachimbaji wake wanatazamia niwape ruhusa. Kwa haraka nikatia picha niliyompiga Jumapili moja barazani, Mama Mkubwa na kitenge chake cheusi cha heshima, mikono mapajani. Juu yake nikaandika: "Mama Pokuaa wa Kejetia: Maisha Yake." Nikachapisha, nikatia simu mfukoni, nikashuka shimoni. Sikuandika kwamba nimerudi.

Mtu wa Kumasi akiona picha ya mama mzima, nguo nyeusi, na neno "maisha yake", hasomi zaidi. Anatafuta nguo yake nyekundu ya msiba.

Simu ikaanza kulia. Hospitali haina maji. Nilijua ni malalamiko, nikaiacha ilie. Mchana Boakye akanisogelea, kofia mkononi.

"Bosi, pole sana."

"Asante, nimezoea," nikamwambia, nikijipangusa matope.

Akanitazama kwa mshangao. "Bosi, mtu huzoea kweli?"

"Kama si leo ni kesho, Boakye. Yote ni ya zamani, lazima yapasuke."

Alirudi nyuma hatua moja, akawanong'oneza wenzake, na wote wakanitazama vibaya. Ndipo nikaitoa simu. Nikaona pole, pole, pole, vipicha vya mishumaa na njiwa weupe. Msomaji wangu yule aliyeniuliza naondoka lini alikuwa ameandika: "Nisamehe kwa ule utani." Nikamwachia Boakye kazi, nikawasha gari.

Nyumbani turubai moja lilikuwa limeshasimama, na vijana wa kukodisha viti vya plastiki wanashusha. Mjomba Agyei, mkuu wa ukoo wetu, alikuwa amesimama katikati ya ua, nguo nyeusi begani, anafoka.

"Simlaumu kwa kufa," alikuwa akisema. "Kila mtu atakufa. Lakini mimi mkuu wa ukoo niambiwe na simu? Na simu yenyewe si yangu, ya muuza mayai!"

"Kaka Agyei, punguza sauti, unawatangazia majirani wali wangu," akajibu Mama Mkubwa. Alikuwa amekaa barazani, sahani ya wali na maharage mkononi, anatafuna. Kila aliyeingia getini akilia, alikuwa akimtazama, anamtaja kwa jina, na kuongeza, "Machozi mazuri hayo. Kaa." Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Mimi nilikuwa natafuta ardhi inimeze.

"Mama, nisamehe, ile picha..."

"Nyamaza kwanza. Nahesabu ambao hawajaja."

Hapo ndipo ukasikika ukelele kutoka barabarani. Mwanamke mnene, nguo nyekundu, mikono yote miwili kichwani, aliingia getini bila kumtazama mtu. Viti vikapinduka. Alikuwa Akyaa.

"Pokuaa ee!" alilia. "Pokuaa mkaidi! Umeondoka! Miaka yote hii nakuona sokoni, nageuza uso, nikifika nyumbani siwezi kula! Umekubali! Umekubali jina ni langu, halafu ndiyo unakufa! Ungepungukiwa na nini kama ungeniambia ukiwa hai?"

Mama Mkubwa aliweka sahani chini.

"Nani amekubali?" akauliza.

Akyaa akainua macho. Alipiga ukelele mwingine, wa namna tofauti kabisa, akakaa chini mchangani kwa makalio yake yote. Watu wakaanza kucheka, lakini Mama Mkubwa hakucheka. Aliniangalia mimi.

"Konadu. Umeandika hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza, halafu ukanisimulia. Ulisema nisikuandikie uongo."

Alinitazama muda mrefu. Niliona kabisa anaitafuta ile asubuhi aliyonisimulia na haioni, na hofu ile ya barazani ikampita tena usoni. Akamgeukia Akyaa mchangani.

"Ulikuwa unakula nini siku ile?"

"Ndizi," akasema Akyaa, kamasi zinamtoka.

"Ndizi," akarudia Mama Mkubwa polepole, kama mtu aliyerudishiwa funguo zake. "Mletee kiti huyu. Si hicho, kitavunjika."

Watu wa turubai hawakukubali kuondoka bila watu kula, basi tukala. Jua lilipopoa Akyaa alinishika mkono, akanivuta kando. "Mwanangu, na wasifu wangu? Mimi ni mkubwa kuliko huyu. Alhamisi ijayo niweke mimi. Picha ya nguo ya rangi, lakini."

Nusura nimwambie Jumapili. Ulimi ulishafika hapo.

Alhamisi iliyofuata bomba lilipasuka, kama ilivyo ada. Vali ikafungwa, nikapanda garini, simu ikalia. Alikuwa Mama Mkubwa. "Akyaa ameshavaa tangu asubuhi. Amekaa barazani, mikono mapajani. Unajua mwenyewe kukaa huko kulivyo." Akakata. Niliandika mpaka Boakye akagonga kioo kuniambia maji yameisha. Baada ya Akyaa alifuata Mjomba Agyei, aliyetaka safari hii asomewe yeye kwanza, kabla ya simu ya muuza mayai. Kisha wakaja wa mitaa mingine. Sasa nina foleni, na foleni ya wazee haimngoji mtu apate nafasi. Yako majuma ninaandika vibaya, nusu ukurasa, matope kwenye kioo cha simu. Naweka hivyohivyo.

Mama Mkubwa sasa ana asubuhi nyingi ambazo mimi ni mama yake, au mteja. Kitenge cha heshima anakivaa siku yoyote. Akyaa huja kila siku na miwani yake, wanakaa pamoja, na humsomea ule wasifu kutoka mwanzo: marobota, mvua, kipande cha samaki. Kwa muda mrefu, wakifika kwenye ndizi, Mama Mkubwa alimkatiza kama alivyoahidi. "Uongo! Jina nilitoa mimi!" Na Akyaa alisema, "Haya, ulitoa wewe," akaendelea.

Juzi hakumkatiza. Nilikuwa nimeinama mlangoni nafunga kamba za mabuti, simu ya kazini inalia. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, kisha akauliza kwa adabu anayoitumia kwa wageni:

"Huyo Pokuaa, yu hai bado?"

Akyaa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake.

"Yu hai," akasema. "Imeandikwa. Sikiliza tena."